Ziara ya Makumbusho Huanzia Nyumbani

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Nilipokuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi ya Mkoa wa Pwani, kabla sijaenda kusomea stashahada ya elimu, niliuamini msemo huo kupita kiasi. Nilidhani kwamba mtoto akitolewa kijijini, akapelekwa Dar es Salaam na kusimamishwa mbele ya vitu vya kale, basi macho yake yatafanya kazi iliyobaki na mwalimu atapumzika. Siku moja ya ziara ilitosha kunionyesha kwamba nilikosea; na aliyeumizwa na kosa hilo alikuwa mtoto, si mimi. Nia ya makala haya ni kuwaeleza ninyi wanachuo, mnaojiandaa kwenda kufundisha katika shule za msingi, mambo yalivyokuwa na niliyojifunza baadaye, ili msiipite njia ile ile.

Ziara yenyewe niliipanga kwa bidii, ila bidii yangu iliishia kwenye nauli, chakula na barua za ruhusa za wazazi. Wanafunzi walikuwa 45, na walimu tulikuwa wawili. Kwa kuwa gari lilikuwa limekodiwa kwa fedha za kuchangishana, niliona ni uchoyo kwenda mahali pamoja tu. Nikapanga tuanzie Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert, kisha twende Kijiji cha Makumbusho kando ya Barabara ya Bagamoyo, kisha tupite kwa wachonga vinyago wa Mwenge, na jioni watoto waione bahari. Yote hayo kwa siku moja.

Makumbusho ya Taifa yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 1940. Humo ndimo linamotunzwa fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliligundua katika bonde la Olduvai tarehe 17 Julai, 1959, na ambalo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Humo pia mna habari za Kilwa na biashara ya pwani, za utawala wa kikoloni na za kupigania uhuru. Somo la mwezi mzima lilikuwa mbele yetu. Mimi nilifanya nini? Niliwaamuru watoto watoe madaftari na kunakili maneno yaliyoandikwa kwenye vibao. Walitii. Kwa muda wa saa nzima watoto 45 waliinamisha vichwa, wakaandika maneno mengi wasiyoyaelewa, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitazama kibao, vitu vyenyewe havikutazamwa na mtu. Nilifurahi kuona madaftari yamejaa.

Tulifika Kijiji cha Makumbusho tukiwa tumechelewa. Mahali hapa, pamekuwapo tangu miaka ya 1960, pamejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania, nyumba nzima za kuingia na kutoka. Tulikuwa tukizipita kwa haraka, mimi nikiitazama saa. Tulipofika kwenye nyumba ya Wazaramo, msichana mmoja ambaye darasani hakuwa msemaji alisimama mlangoni akasema kwa sauti iliyosikika na wote: "Mwalimu, hii ni nyumba ya bibi yangu!" Alikuwa ametoka upande wa Kisarawe, akilelewa na bibi yake. Mwenzake mmoja akadakia: "Kumbe bibi yako anakaa makumbusho!" Darasa zima likaangua kicheko. Nami, nakiri, nilitabasamu, kisha nikapiga makofi na kusema, "Haya, twendeni, muda umekwisha."

Juma lililofuata niliwapa insha yenye kichwa "Niliyoyaona Dar es Salaam". Wengi walirudia maneno ya vibao, na wengine waliyarudia kwa makosa yale yale waliyonakili nayo. Yule msichana aliandika habari za gari na bahari tu. Nilipomwita na kumwuliza mbona hakuandika habari za ile nyumba, alitazama chini akajibu: "Kwetu hakuna kitu cha kuandika, Mwalimu." Kabla ya mwisho wa mwaka alihama shule, na mpaka leo sijapata nafasi ya kumwomba radhi.

Ndugu wanachuo, liangalieni jibu hilo kwa makini. Mtoto aliingia mahali ambapo taifa limeijenga nyumba ya bibi yake ili itunzwe na kuheshimiwa; akatoka humo akiamini kwamba kwao hakuna kitu. Nyumba haikuwa na kosa, wala watoto waliocheka hawakuwa na kosa kubwa, kwani watoto hucheka. Mwalimu ndiye aliyekuwa pale bila kuandaa kitu. Laiti ningesema maneno matatu tu, "Hebu tueleze zaidi", yule mtoto angekuwa mwalimu wetu wa siku ile.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mkufunzi, nilipata nafasi ya kwenda tena Kijiji cha Makumbusho, safari hii pamoja na wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, na darasa la tano la shule waliyokuwa wakiifundisha. Kwanza nilikwenda peke yangu siku ya Jumamosi, nikazunguka polepole, nikakaa ndani ya kila nyumba, nikajiuliza ni kitu gani ambacho mtoto hawezi kukiona bila kuulizwa. Niliporudi Mkuza, tulikubaliana na wanachuo kwamba maandalizi yachukue majuma mawili. Kila mtoto alitakiwa amwulize mzee mmoja wa nyumbani au jirani jinsi nyumba ya zamani ilivyojengwa: miti gani ilitumika, nani alikata, nani alikandika, na kazi ilichukua siku ngapi. Bibi mmoja wa Kizaramo aliombwa aje darasani. Watoto walimwamkia kwa shikamoo, naye akawaitikia marahaba, akawaonyesha jinsi ukuti wa mnazi unavyokunjwa juu ya kijiti na kushonwa kwa kamba nyembamba. Siku ya safari tulimpa kiti cha mbele.

Mahali tulipokwenda palikuwa pamoja tu. Madaftari yalibaki garini. Watoto walibeba karatasi za kuchorea na penseli. Mbele ya kila nyumba waliulizwa maswali matatu: Imejengwa kwa vitu gani? Kwa nini ikajengwa hivi na si vinginevyo? Nani alifanya kazi hii, na leo kazi hiyo inafanywaje?

Swali la pili ndilo lililozaa matunda. Mbele ya msonge wa Wahaya, watoto waliona kwamba nyasi zinaanzia juu kabisa na kushuka mpaka karibu na ardhi. Mbele ya tembe la Wagogo waliona paa la bapa lililofunikwa kwa udongo. Mwanachuo wangu hakuwaambia lolote; aliwauliza tu mvua ya Bukoba na mvua ya Dodoma zikoje. Baada ya kubishana kidogo, mvulana mmoja alisema kwamba paa la udongo lingepelekwa Bukoba lingelowa na kubomoka, bali la nyasi lenye mteremko hutiririsha maji. Hakuna kibao kilichomwambia. Kisha walizunguka msonge kwa hatua, wakahesabu, wakapima pia upana wake kwa hatua, na waliporudi darasani hesabu hizo zikawa somo la mzingo na kipenyo. Siku moja ilitoa jiografia, hisabati, historia na sanaa, bila mtu yeyote kunakili sentensi.

Kwenye nyumba ya Wazaramo tulimwachia bibi nafasi. Alipapasa ukuta, akatazama paa, akaeleza fito na udongo, akasifu kazi. Kisha akanyamaza, akavuta hewa puani na kusema: "Nyumba ni nzuri, wajukuu zangu, lakini haina moshi. Nyumba isiyo na moshi haina mwenyewe." Watoto walitazamana. Mwanachuo aliyekuwa akiongoza somo, ambaye naamini atakuwa mwalimu bora kuliko mimi, alikamata neno hilo akauliza: "Ni mambo gani mengine ya nyumba ambayo makumbusho hayawezi kuyatunza?" Majibu yalimiminika: harufu ya chakula, hadithi za usiku, ugomvi wa watoto, wimbo wa kutwangia. Ndipo nilipoelewa kwamba makumbusho hutunza vitu, lakini habari nyingi za vitu hivyo zimo vichwani mwa watu waliovitumia, na watu hao wanaishi jirani na shule zetu. Tusipowauliza sasa, kesho tutabaki na kuta tu.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi katika vituo vya sanaa, kwa sababu pale mtengenezaji yupo mbele yako. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora picha mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, akitumia vipande vya mbao laini za kiwandani na rangi za mafuta za kawaida, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoweza kuvipata. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika huko Oyster Bay. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilimlea George Lilanga, mwana wa Masasi, ambaye alianza pale kwa kazi ndogo na akafikia kujulikana kwa picha na vinyago vyake hata katika nchi za ng'ambo. Jengo la Nyumba ya Sanaa halipo tena. Jambo hilo litukumbushe kwamba mahali pa kujifunzia si pa milele, na mwalimu mwenye nafasi ya kupatembelea asiahirishe. Tangu mwaka 2008 kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, ambapo wachoraji na wachongaji hufanya kazi zao.

Nilipowapeleka wanachuo kwenye kituo cha namna hiyo, mmoja wao alimwuliza mchoraji mahali anaponunua vifaa, akitumaini kuandika orodha. Mchoraji akamjibu kwa swali: "Kwenu kuna udongo wa rangi gani?" Mwanachuo hakuwa na jibu. Tulirudi tukatafuta. Milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, inajulikana kwa udongo wake mweupe. Udongo mwekundu tunaukanyaga kila siku. Mkaa uko kila jikoni. Siku chache baadaye darasa lake lilichora juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kwa rangi walizosaga wenyewe. Picha nyingine zilipukutika zilipokauka, na kutafuta sababu ya kupukutika kukawa somo jingine la sayansi.

Kutokana na hayo, napenda kuwaachia mashauri machache ya kazi.

Kwanza, mwalimu atangulie peke yake. Asiyepajua mahali hataweza kuongoza, atakuwa mmoja wa wageni.

Pili, muchague mahali pamoja na maswali machache. Mambo mengi ya siku moja humchosha mtoto na kumwachia kumbukumbu ya gari tu.

Tatu, mtoto achore, apime, ahesabu na aulize. Kunakili vibao kunaweza kufanywa na mtu asiyetazama kitu.

Nne, somo lianzie nyumbani kabla ya safari na lirudi nyumbani baada yake. Mtoto aende akiwa na habari ya kutoa, asiende mikono mitupu kupokea tu.

Tano, mtoto atakaposema "hiki kipo kwetu", simamisheni kila kitu. Hapo ndipo somo lilipo. Wenzake wakicheka, msiwakemee kwa ukali. Mwombeni aeleze, na kicheko kitakwisha chenyewe.

Najua baadhi yenu mtapangiwa shule zilizo mbali, ambako nauli ya kwenda mjini ni ndoto. Hata hivyo msikate tamaa. Tengeni pembe moja ya darasa, watoto walete kwa kuazima kinu kidogo, kibuyu, kifumbu cha kukamulia tui, mkeka, jembe lililolika. Kila kitu kiwekewe kibao kilichoandikwa na mtoto mwenyewe, chenye jina la kitu, jina la mwenye kitu na kazi yake. Siku ya kufungua, waalikwe wazee. Vitu virudishwe salama, kwa maana mwalimu anayepoteza kibuyu cha bibi wa watu hataazimwa tena.

Bado namkumbuka yule msichana mlangoni mwa ile nyumba. Yamkini sasa ni mtu mzima. Siwezi kumrudisha darasa la tano, lakini kila ninapotayarisha ziara na wanachuo wangu huanza kwa kuwasimulia habari zake, kisha nawauliza: angekuwa wako, ungemjibu nini? Nanyi mnaosoma makala haya, lijibuni swali hilo kabla hamjapanda gari.