Vichwa Mia Tano

Talala, Gujarat, saa tatu asubuhi. Nimeshuka kwenye treni ya reli yenye upana wa meta moja, sawasawa na Reli ya Kati ya kwetu Tanzania, na sawa na ile ya zamani ya kutoka Mombasa iliyojengwa na maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi. Hapa inakatiza msitu wa Gir, makazi ya simba wa mwisho wa Asia wanaoishi porini.

Naelekea Jambur, kijiji cha Wasidi, watu ambao mababu zao walivuka bahari kutoka Afrika, wengi kama watumwa, wengine kama mabaharia na askari. Wanaongea Kigujarati, ila ngoma yao bado wanaiita goma. Nikidhani sura yangu itanisaidia, nilimwamkia abiria mwenzangu kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kigujarati, akanisogezea nafasi nikae.

Chombo chenyewe ni chhakdo: mbele pikipiki, nyuma bodi ya chuma yenye magurudumu mawili, mabenchi yakitazamana. Kwetu tungesema ni guta la mizigo lililopandishwa cheo. Bajaji nilizozoea Tanga zinatoka huku huku India, kwa hiyo sikushangaa sana. Kilichonishangaza ni idadi ya magoti.

Njiani nikawa nasoma mawe ya kilomita. Lenye kichwa cha njano ni la barabara kuu ya taifa, la kijani ni la barabara ya jimbo, na la rangi ya chungwa ni la barabara ya kijijini. Hilo la chungwa lina hadithi yake. Desemba 2000 serikali kuu ilianzisha mpango wa kuunganisha vijiji kwa barabara za kupitika mwaka mzima, na kigezo kikawa idadi ya watu: makazi yenye watu 500 na zaidi katika nchi tambarare, 250 milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila. Walioanza kupangiwa ni wenye 1,000. Kilichohesabiwa ni kitongoji, si kijiji kizima, kwa sensa ya 2001, ingawa vitongoji vilivyokaribiana viliweza kujumlishwa. Mkandarasi naye alibanwa kuitunza barabara yake kwa miaka mitano.

Kwetu, diwani huipeleka barabara kwenye baraza, mbunge akaitaja bungeni, kisha mnawangojea TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mtu mwenye sauti ana nafasi. Hapa, angalau kwenye karatasi, karani wa sensa ndiye mwenye sauti, na kitongoji cha watu 490 kina sababu ya kutamani mapacha. Ningeupenda utaratibu huu zaidi kama ungekuwa unahesabu mara kwa mara. Tanzania tulihesabiwa 2022, tukawa milioni 61.7. Wahindi walihesabiwa mara ya mwisho 2011, wakafika bilioni 1.21, sensa ya 2021 ikaahirishwa kwa sababu ya korona. Simba wa Gujarat wao walihesabiwa 2015, 2020, na tena 2025 wakaonekana 891.

Hata anwani imehama. Katika vitabu vya sensa ya 2011 Jambur iko wilaya ya Junagadh. Wilaya ya Gir Somnath ilimegwa humo Agosti 2013. Na ukiwatafuta Wasidi kwenye jedwali la kijiji, huwapati kwa jina: wamo kwenye safu ya makabila yaliyoorodheshwa, pamoja na wengine wote wa kundi hilo.

Jambur nilikaa hadi alasiri, karibu na kaburi la Nagarchi Pir, nikinywa chai kwenye kisahani. Niliporudi barabarani, chhakdo ilikuwa pale pale kwenye kivuli. Dereva alitunyooshea kidole mmoja mmoja, midomo ikimchezacheza. Tulikuwa tisa. Akazima injini, akajilaza.