Joto la Globu

Globu ya zamani ilikuwa mfujaji. Katika umeme wote iliokula, hata sehemu moja ya kumi haikugeuka mwanga; uliobaki uliishia kuwa joto. Wahandisi waliliandika joto hilo kama hasara. Kwa wafugaji wa kuku wa Songea, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hasara hiyo ndiyo iliyokuwa mali. Baridi ya Juni na Julai ikishuka, walining'iniza globu ya wati 60 au 100 juu ya boksi lenye maranda, na kulipokucha waliwakuta vifaranga wazima.

Mama alilea vifaranga kwa njia hiyo, miaka ile mji wetu ulipokuwa ukitegemea majenereta ya dizeli. Umeme ukikatika usiku aliamka, akafunika boksi kwa kanga zake, akakaa hapo akinong'ona na kuku hadi umeme urudi. Tulimcheka sana.

Mwaka 2018 laini ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako ilituunganisha na gridi ya taifa. Neema tupu, sibishi. Mama hakuiona. Wakati huo globu zenyewe zilikuwa zinaondoka duniani: Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa sokoni mwaka 2009, na mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kuvumbua LED ya bluu, iliyofungua njia ya taa nyeupe zisizokula umeme mwingi. Leo taa ya wati 9 inatosha pale ilipohitajika ya wati 60. Ukiigusa, haiunguzi.

Sizililii globu. Watengenezaji wakubwa walikubaliana tangu mwaka 1924 zisidumu zaidi ya saa 1,000, na sisi tukazinunua tena na tena.

Msibani kwa Mama watu walitaja vinavyotajika: watoto aliowasomesha, shamba la mahindi, nyumba ya bati. Vyote hivyo bado tunavyo. Alivyokusudia kutupa, alitupa, na vimebaki. Kilichoondoka naye ni kile kilichomvuja tu bila yeye kukusudia: kule kunong'ona gizani, kikohozi chake cha alfajiri, saa alizozimaliza bure kwa ajili ya kuku wa kuuzwa. Hakuna aliyevisimulia pale matangani, kwa kuwa havikuzaa kitu. Mimi nikimkumbuka, navikosa hivyo kwanza, shamba baadaye sana.

Banda sasa analo dada yangu. Analea vifaranga kwa jiko la mkaa, na hewa ya mkaa ikizidi anaamka kufungua dirisha. Nilimuuliza kwa nini asinunue zile taa maalumu za joto, maana bado zipo.

"Kaka," akanijibu, "hizo si zitanimalizia umeme wote wa LUKU?"