Kanyaruchinya: Kuonja Kasiksi ya Siku Tatu

Wiki hii tunawapeleka Kanyaruchinya, kando ya barabara inayotoka Goma kwenda Rutshuru, katika teritware ya Nyiragongo. Ukipanda na pikipiki kutoka mjini, utapishana na chukudu zinazoteremka zikiwa zimejaa makaa, viazi na kabeji. Mbele yako ni mlima Nyiragongo, mita 3,470, na usiku mwingine mawingu ya juu yake huwa mekundu. Chini ya miguu ni jiwe jeusi la volkano. Mvua ikinyesha, maji yanazama kati ya mawe, wala hakuna kijito. Mama wa huku anakinga maji kwenye bati, ama anayabeba mgongoni kwa bidoni.

Tulikwenda kwa sababu ya neno lililozuka katika mkutano wetu: je, kikundi kitengeneze kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ili mfuko wa AVEC uongezeke? Mama wengine walikubali mara moja, maana wao wenyewe walisomeshwa kwa bidoni za kasiksi za mama zao. Wengine walikataa kabisa, maana wanajua nyumba zilizovunjika kwa pombe. Wote walikuwa na haki. Tukasema: twende tuone kwanza, tuonje, halafu tuongee.

Kabla ya kuonja, tuwaambie habari moja ya mbali. Huko Scotland wanatengeneza wiski ya shayiri. Sheria yao inasema haiwezi kuitwa wiski ya Scotland kama haijakaa ndani ya pipa la mti wa mwaloni kwa miaka 3 ama zaidi. Iko inayokaa 12, 18, hata 30. Mti unaipa rangi na harufu, na kila mwaka karibu asilimia 2 inapotea hewani kupitia mbao. Wenyewe wanaiita sehemu ya malaika. Ndiyo maana ya zamani ni haba na bei yake inapanda. Iko moja inayoitwa The Macallan, iliyokaa kwenye pipa toka 1926 hadi 1986, miaka 60, zikatoka chupa 40 tu. Mnamo Novemba 2023 chupa moja iliuzwa kwa mnada mjini London kwa zaidi ya pauni milioni 2.

Wanaoonja vinywaji vya namna hiyo hawanywi kwa pupa. Wanatia kidogo ndani ya glasi, wanaangalia rangi, wananusa, wanaongeza matone ya maji, ndipo wanaweka kidogo juu ya ulimi. Tulisema na sisi tutafanya hivyo. Mama wajawazito na wanaonyonyesha tuliokuwa nao hawakuonja. Walikuwa wa kunusa na kuuliza maswali.

Mwenyeji wetu ni koko mmoja ambaye tangu akiwa msichana huko Rutshuru amekuwa akitengeneza kasiksi. Alitueleza kazi yote. Ndizi za pombe zinakatwa zingali mbichi, zinafunikwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, na joto linaziivisha kwa siku kadhaa. Zikiiva, zinamenywa na kutiwa ndani ya beseni la mti lililochongwa kama mtumbwi. Wanazikanda pamoja na nyasi ngumu mpaka maji yake yatoke, halafu wanayachuja. Hayo maji ndiyo mutobe. Yanachanganywa na maji safi kidogo, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kusagwa, yanafunikwa yapate joto. Kesho yake yanaanza kuchemka yenyewe bila moto.

Alituwekea vikombe vitatu. Cha kwanza kilikuwa mutobe wa siku ile: mzito, mtamu sana, na unanukia ndizi iliyoiva. Watoto waliokuwa pale walipewa huo tu. Cha pili kilikuwa kasiksi ya siku tatu. Rangi yake ni ya udongo, ina povu, na ukinusa unapata moshi wa lile shimo. Ulimini utamu unakuja kwanza, halafu uchachu, mwishoni uchungu mdogo wa mtama uliokaangwa unabaki kooni. Tulinyamaza kidogo. Mama mmoja kati yetu alisema imemkumbusha arusi ya dada yake. Cha tatu kilikuwa cha siku saba, na mtu hakuhitaji kukinusa mara mbili. Kilikuwa kimekuwa siki.

Basi kasiksi haingoji mtu. Wiski ikikaa miaka inapanda bei. Kasiksi ikikaa wiki inamwagwa. Tulimwuliza koko: sasa kilicho cha zamani hapa ni nini? Akaonyesha mikono yake. Anajua kwa kugusa ganda kama ndizi imetosha shimoni. Anajua kwa kusikiliza bidoni kama kasiksi imefika. Hajaandika popote, na ujuzi huo alipewa na mama yake, aliyepewa na wake. Majirani zetu nao wana namna yao: Rwanda wana urwagwa, Uganda wana tonto, watu wa Bukoba huko Tanzania wana rubisi. Ndizi ni ileile. Mikono ndiyo inaleta tofauti.

Na ujuzi huo umesafiri kwa shida. Wengi wa mama wa Kanyaruchinya walifika hapa wakikimbia vita vya Rutshuru. Mwaka 2012 watu walijaa hapa, na mwezi wa Novemba wakakimbia tena vita vilipokaribia Goma. Mei 2021 volkano ililipuka, lava ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Mwishoni mwa 2022 wakimbizi wakarudi kujaa tena, hema juu ya mawe. Mwanzoni mwa 2025 kambi zikabomolewa, watu wakatawanyika. Katika safari zote hizo mama hawezi kubeba beseni la mti wala shamba la migomba. Barabara ikifungwa, ndizi hazifiki, na bei inapanda sokoni. Koko alisema iko miaka amekaa bila kukamua hata mara moja, na binti zake wamekua bila kuona. Hilo ndilo lilitugusa kuliko vikombe vyote.

Hatukuficha upande mwingine. Pembeni ya kasiksi inauzwa kanyanga, na lotoko ya mahindi na muhogo, pombe za kuchemshwa na kukinga mvuke. Hizo mtu hawezi kuzipima kwa macho, na zikitengenezwa vibaya zinaweza kuwa na sumu inayopofusha na kuua. Koko hatengenezi hizo. Alisema pia kwamba bwana anayekunywa kasiksi toka asubuhi anamaliza nyumba sawasawa na wa kanyanga, ila polepole. Kwake hauzi kabla ya saa tisa, hampi mtoto aliyetumwa, wala hakopeshi. Mtu akidai mkopo wa pombe, anamwambia aende kununulia watoto unga.

Tuliporudi tulikaa na kuhesabu pamoja: ndizi, mtama, maji ya kununua, pikipiki ya kubeba, na bidoni zitakazobaki bila kuuzwa siku ya mvua. Kwa kinywaji kinachoharibika ndani ya wiki, faida yote iko katika kuuza upesi, na hapo ndipo mtu anaanza kumsukumia mlevi kikombe cha nne. Kikundi kilikubaliana kuanza na mutobe, unaoweza kunywewa na kila mtu kwenye arusi, ubatizo na mikutano. Kasiksi itatengenezwa kwa sherehe iliyoagizwa tu, kwa kipimo, na kanyanga haitaingia kamwe.

Jambo la pili halihitaji mfuko wowote. Wasichana wanne wa kikundi watapanda kwa koko ndizi zikipatikana, wajifunze toka shimo mpaka kuchuja, na mmoja aandike kwenye daftari. Mama msomaji, kama kwenu iko koko anayejua kazi ya namna hii, iwe ya ndizi, ya mtama ama ya maziwa, mpelekee binti yako mwezi huu. Asingoje barabara ifungwe tena.