Mwanga Usiompofusha Mwenzio
Mdogo wangu aendeshaye bodaboda alichoka kubahatisha mashimo usiku, akaazimia kufunga taa mpya yenye lenzi. Nilimwunga mkono kwa sharti moja: asitazame ukali wa mwanga tu, bali na uelekeo wake.

Ndani ya taa hiyo mna kikingio kidogo cha chuma kikatacho mwanga wa juu, usiwachome machoni wajao mbele. Lakini taa iliyoundwa kwa nchi ambazo magari hupita kulia huinua mwanga upande wa kulia. Kwetu Tanzania, tupitao kushoto, huko ndiko atokeako mwenzetu.

Tulichagua ya kushoto, tukaipima ukutani pikipiki ikiwa na abiria, maana uzito wa nyuma huinua taa.

Ndugu msomaji, barabara ni ya wote. Aonaye vyema asimpofushe mwenziwe.