Mikono Isiyoandikwa Daftarini

Mji wa Mpanda unayajua machungu ya kufunga. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa huko kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na abiria wake wakahitaji chakula. Kwa riziki hiyo dada yangu alifungua mgahawa karibu na stesheni, akiuza wali, maharage na migebuka ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka jana aliufunga. Jamaa walizitaja sababu zilizo wazi: bei ya mkaa, bei ya mchele, na barabara ya lami ya Tabora iliyowahamishia wasafiri kwenye mabasi. Sizikanushi. Lakini nilipolipitia daftari lake, niliona mchele, mkaa na mafuta vimeandikwa. Mikono ya wanawe watatu haikuandikwa popote. Waliteka maji alfajiri na kuosha vyombo usiku bila ya ujira, na ndiyo maana chakula kilikuwa rahisi. Faida ililipa karo. Elimu nayo ikawachukua watoto, mmoja baada ya mwingine, na bei ile ile haikuweza kumlipa mtumishi mshahara.

Aghalabu anayefunga biashara hupewa pole. Mimi nilimpa hongera. Alicheka, kisha akalia, na vyote viwili vilikuwa haki yake. Hakubaki wa kuupokea mwiko, na kwa miaka yote ile alikuwa akipika ili wanawe wasilazimike kuupokea.