Sarafu Ilibaki Inang'aa

Utotoni nilifundishwa kwamba uyoga ukichemshwa pamoja na sarafu, na sarafu isigeuke nyeusi, basi hauna sumu. Nikaishika imani hiyo hadi mwaka 2019, nilipochuma uyoga nyuma ya nyumba nikampikia mwanangu, wakati huo ana miaka 6. Sarafu ilibaki inang'aa. Haikupita saa, mtoto akaanza kutapika.

Alilazwa siku 2, akapona. Mimi sikupona. Hata harufu ya uyoga sokoni ilinifanya nigeuze njia.

Januari 2024 dada yangu aliniandikisha, bila kuniuliza, katika safari ya siku moja ya kuchuma uyoga kwenye miombo nje ya mji wa Iringa. Tulikuwa watu 11. Aliyetuongoza ni bibi wa Kihehe. Tukamwamkia, "Kamwene, Bibi," akaitikia, kisha akakagua tulichobeba. Mifuko ya nailoni aliikataa: uyoga hupata joto humo ukaoza kabla hujafika nyumbani. Akatugawia vikapu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Chini ya miombo tuliukuta uyoga wa njano, mikunjo yake ikiteremka kutoka kwenye kofia hadi shinani. Bibi akapiga magoti, akafukua taratibu, akatuonyesha kuwa huota palipo na mizizi ya mti. Mti huupa uyoga sukari, uyoga huutafutia mti maji na madini. Ndiyo maana penye tanuri za mkaa, miombo ikishakatwa, uyoga huo nao hutoweka. Kwenye kichuguu tuliona mwingine, shina lake refu limezama hadi chini wanakoulea mchwa.

Kisha tukafika kwenye mmoja mweupe, mzuri kuliko wote. Mwenzetu akainama na kisu. Bibi akamshika mkono. "Ukiukata juu, ushahidi unabaki ardhini." Akauchimbua mzima: pete shinani, na chini kabisa kifuko kilichofukiwa na udongo. Wenye kifuko si wote unaoua, alisema, upo unaoliwa. Lakini asiyeweza kuutenganisha asiguse. Ule unaoua haukuumizi mapema. Hupita saa 6, pengine hata siku nzima, ndipo tumbo lianze. Halafu mgonjwa huonekana amepata nafuu huku ini linaharibika. Moto wa jiko hauiondoi sumu hiyo.

Nikamweleza habari ya sarafu. Sauti ilinikatika katikati.

"Mwanangu," akasema, "sarafu haiujui uyoga. Uyoga huonyeshwa na anayeujua, mmoja mmoja, mpaka na wewe uujue."

Nililia pale pale, kikapu mkononi. Miaka yote ile nilidhani nilikosea kipimo, kumbe kipimo chenyewe hakikuwahi kuwapo.

Siku ile nilijifunza aina 2 tu, ule wa njano na wa kichuguu, na hizo ndizo ninazochuma hadi leo. Msimu uliofuata nilimpeleka mwanangu kwa Bibi, akiwa na miaka 11. Tukiwa tunatoka msituni akaokota mmoja wa kahawia, akaunyanyua.

"Mama, na huu?"

"Huo siujui."

Akaurudisha kwenye majani, akafuta vidole kwenye nyasi, tukaendelea na njia.