Mizani ya Mwenyeji na Mgeni

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa mji wa Lamu aliisomesha kwa zaidi ya miaka 30, akiwafafanulia wanafunzi maana yake ya nje na ya ndani. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuionja ladha yake hadi uzeeni, mwaka ambao mjukuu wake wa kike alikosa kazi ya ukarani katika ofisi moja ya umma. Nafasi ile alipewa kijana kutoka upande wa bara, mzaliwa wa Mpeketoni, ambaye babu zake walifika huko katika miaka ya 1970, serikali ilipogawa mashamba ya Ziwa Kenyatta.

Jioni ile barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Wageni wametumaliza, alisema mmoja. Mwingine akaongeza kwamba ugatuzi uliletwa ili mtoto wa kisiwani naye ale, basi iweje ajira zisiwe za wenyeji watupu? Mwalimu hakujibu neno. Aliingia ndani, akachukua kalamu, na kwa siku mbili akatunga shairi la beti kumi, kila ubeti ukitua juu ya neno “wageni”. Alikusudia kulisoma mbele ya watu katika kikao ambacho wananchi walikuwa wameitwa kutoa maoni yao kuhusu ajira.

Malalamiko ya watu wa visiwani si ya jana. Kabla ya kaunti 47 kuanza kazi mwaka 2013, mambo makubwa ya Lamu yalikatwa mbali, na wenye mji wakayapata kama habari za safari ya mtu mwingine. Hata bandari mpya ilipoanza kujengwa, wavuvi walilazimika kwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zimevunjwa: hawakupewa habari za kutosha, hawakushirikishwa ipasavyo, na utamaduni wao haukuhifadhiwa. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Siku ile mwalimu alisujudu kwa shukrani. Aliona kwamba mnyonge naye ana mahali pa kusimama.

Usiku wa kuamkia kikao aliifungua Katiba ya mwaka 2010 akitafuta kifungu cha kulitia nguvu shairi lake. Akafika kifungu cha 27, kinachoikataza serikali kumbagua mtu yeyote. Akazisoma sababu zilizotajwa moja moja: jinsia, dini, ulemavu, utamaduni, mavazi, lugha, asili ya kikabila, kuzaliwa. Kwenye mavazi aliikumbuka kanzu yake, na kwenye lugha akaikumbuka lahaja ya mama yake, akafurahi. Alipofika kwenye kuzaliwa, furaha ikamkatika. Yule kijana wa ukarani amezaliwa wapi, kama si katika kaunti hii hii?

Akaichukua na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Kifungu cha 65 kinataka katika uajiri izingatiwe haja ya angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi za ngazi ya kuanzia kujazwa na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti. Mwalimu akaishika tama. Jamii kubwa ya Lamu ni ipi? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920, na ndani yao wamo Waswahili wa mjini, Wabajuni wa visiwa vya kaskazini, Waaweer wa msituni, Waorma na mifugo yao, Wagiriama, na Wakikuyu wa mashambani. Tena mtoto wa Lamu akiomba kazi katika kaunti ya mbali, asilimia 30 za huko ndiyo ngao yake. Atakayeivunja ngao hiyo kwao, ataidai kwa uso gani ugenini?

Kisha akawakumbuka waliouawa Mpeketoni mwezi Juni 2014, na jinsi majirani walivyotazamana kwa shaka baada ya msiba ule. Neno “wageni”, alilolichagua kwa sababu ya kina, lilikuwa na uzito kuliko silabi zake tatu. Mshairi huhesabu mizani ili upande mmoja wa mshororo usiuzidi mwingine kinyume cha bahari yake. Hakimu naye ana mizani yake. Mwalimu aliona kwamba shairi lake lilikuwa limetimia kwa mizani ya kwanza, na kwa ile ya pili limepwaya. Akalikunja.

Asubuhi alisimama kikaoni bila karatasi. Hakusema wageni, hakusema wenyeji. Alikumbusha kwamba sheria inaipa bodi ya utumishi ya kila kaunti kazi ya kulieleza Bunge la Kaunti ni kwa kiasi gani maadili ya Katiba yamefuatwa. Basi akaomba mambo mawili. Kwanza, idadi ya walioajiriwa isomwe hadharani, kwa kila wadi kati ya wadi kumi, na kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya taifa. Pili, ielezwe ni watoto wangapi wa Basuba, wadi ya Waaweer, wamepata hata kazi moja. Ukumbi ulinyamaza. Baadhi ya vijana wa barazani waliguna, kwani si hayo waliyomtuma. Mama mmoja wa Kibajuni, aliyekaa nyuma, alipiga makofi peke yake.

Aliporudi nyumbani mjukuu wake alikuwa akimngoja mlangoni.

“Babu, umewasemea watu wote. Na mimi je?”

Mzee hakuwa na jibu la haraka. Uchungu wa binti ulikuwa wa haki, na hesabu aliyoiomba haikuwa imesomwa bado; huenda ingeonyesha kwamba naye alidhulumiwa. Alivua kofia, akaketi, akamwomba alete vyeti vyake na karatasi safi, waandike ombi jingine. Shairi lenye beti kumi likabaki chini ya mto. Hakulichana, kwa maana malalamiko yaliyomo ni ya kweli. Linangoja kina kingine.